Neno Lililomkuta Apolo Kifungoni

Kuna wakati wa usiku ambao kila mke wa askari anaufahamu. Chakula kimekwisha kuliwa, watoto wamelala, taa imepunguzwa, na mwenye nyumba yuko mbali: huenda yuko mpakani, huenda kwenye kizuizi cha barabara, huenda mahali ambapo jina lake halikutajwa siku ya kuondoka. Simu yake haipatikani kwa siku ya tatu. Jirani wa mlango wa pili amesikia jambo redioni, lakini hakulisikia vizuri, na heri asingelisema. Hapo ndipo mama wa nyumba hiyo, akiwa ni Mkristo, hunyosha mkono akachukua Biblia.

Anatafuta nini ndani yake? Swali hili lafaa kuulizwa, maana wengi hukosa faraja si kwa sababu hawasomi, bali kwa sababu wanakitaka kitabu kifanye kazi isiyo yake. Mmoja hutaka habari: aambiwe usiku huo huo kwamba mume yu hai na atarudi Ijumaa. Mwingine hufumba macho, akafungua ukurasa wowote, akaweka kidole juu ya mstari na kuufanya kuwa jibu, kama vile mganga apigavyo bao. Siku kidole kikiangukia orodha ya majina ya kabila la Gadi, au laana ya nabii juu ya mji wa Tiro, mama huyo hulala akiwa na hofu kuliko alivyoketi.

Askari naye ana lake. Tangu zamani, katika majeshi ya nchi nyingi, wamekuwapo waliobeba Zaburi ya 91 mfukoni, na wengine wameishona ndani ya koti, kwa kuwa inazungumza habari za kuokoka pale ambapo maelfu wanaanguka. Si dhambi kuibeba. Lakini ikumbukwe kwamba zaburi hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Ibilisi alipomjaribu Yesu juu ya hekalu, kama anavyosimulia Mathayo katika sura ya 4. Alimtaka ajitupe chini, kwa hoja kwamba malaika wangemdaka. Yesu alikataa. Ikiwa yeye mwenyewe hakukubali kuifanya zaburi kuwa hirizi, ni vigumu kuona jinsi koplo atakavyofanikiwa kuifanya hivyo.

Basi ni moyo wa namna gani unaopatikana humo? Kisa kilicho karibu kuliko vyote na nyumba za kambini kimo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 30. Daudi alikuwa bado hajawa mfalme. Alikuwa mkuu wa watu 600 wenye silaha, na familia zao waliziacha katika mji wa Siklagi. Waliporudi siku ya tatu waliukuta mji umeteketezwa, na wake zao na watoto wao wametekwa na Waamaleki. Maandiko hayafichi lolote: wanaume hao wa vita walilia hata wakaishiwa nguvu za kulia. Kisha uchungu ukageuka kuwa hasira, wakaanza kusema kwamba Daudi apigwe mawe. Naye alikuwa amepotewa na wake zake wawili katika shambulio lile lile.

Mwandishi wa kitabu anasema hapo kwamba Daudi alijitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Hasemi alifanyaje. Msomaji angependa kujua: je, aliimba, alilia peke yake, alikumbuka siku ya Goliathi? Hatuelezwi. Jambo linalofuata ni kwamba alimwita kuhani Abiathari alete naivera, akauliza swali fupi la kijeshi: awafuatie maadui au asiwafuatie? Yule mtu ambaye dakika chache kabla hakuwa na nguvu hata za kulia sasa anauliza kazi iliyo mbele yake ni ipi. Hii ndiyo alama ya moyo unaotoka kwa Mungu. Haukumwondolea Daudi majivu ya Siklagi mbele ya macho yake. Ulimpa hatua moja ya kupiga.

Tena haukumfanya kuwa mkatili. Njiani walimkuta kijana Mmisri, mtumwa aliyetupwa na bwana wake Mwamaleki kwa sababu ya ugonjwa, hajala wala kunywa kwa siku 3. Jeshi lenye haraka na hasira lingempita, au lingemfanyia baya zaidi. Walimpa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu, ndipo wakamhoji. Ni yeye aliyewaonyesha maadui walipo. Afisa yeyote wa upelelezi anaweza kujifunza kitu hapo, na hahitaji kuwa Mkristo.

Lakini Daudi ni mtu wa kale sana, na wapo wasemao kwamba mambo hayo yalikuwa ya manabii na wafalme tu. Hao yafaa waelezwe habari za askari mmoja wa Buganda.

Alizaliwa kama mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Ujana wake uliangukia katika siku za misukosuko. Wamisioni wa Kianglikana walikuwa wamefika katika jumba la Kabaka Mutesa mwaka 1877, na mmoja wao aliyewafuata, fundi Alexander Mackay, alifundisha watu kusoma huku akitengeneza vyuma. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atafurahi kulikumbuka: wanafunzi wa mwanzo walisoma Maandiko kwa Kiswahili, katika tafsiri zilizotoka pwani, kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake. Wakristo wale hawakuitwa kwanza kwa jina la kanisa. Waliitwa wasomaji. Na hata baadaye, kwa Kiganda, kusoma kukawa ni neno la kutaja ibada: aliyekwenda kanisani alikwenda kusoma. Wengi wa wasomaji hao waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wakiwamo waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Waliobaki waliendelea kusoma.

Waswa alikuwa miongoni mwa waliomsikia Mackay, lakini hakugeuka upesi. Alishika silaha katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda, na mwaka 1891 akaandamana na jeshi la Kapteni Lugard kwenda magharibi, hadi Toro. Ni huko, katika maisha ya safari na kambi, ambapo mambo aliyokwisha kuyasikia yalianza kumrudia. Alibatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, maana yake kitu kitokacho Ulaya, alipewa na watu kwa ajili ya mavazi yake. Apolo wa kwanza, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 18, alikuwa Myahudi wa Aleksandria aliyesifiwa kwa umahiri wake katika Maandiko. Huyu wa Buganda hakuwa msomi wa namna hiyo. Alikuwa askari aliyejifunza herufi akiwa mtu mzima, kama wengi katika wakati wake.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alijitolea kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, nyuma ya milima ya Rwenzori, ambako leo ni jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya kunyimwa chakula. Mtawala wa hapo, Tabaro, mwanzoni hakumkataa mgeni, lakini mafundisho yake yalipoanza kugusa pombe, wake wengi na mizimu, mambo yaligeuka. Wanaosimulia maisha ya Apolo wanaeleza jinsi alivyopigwa na jinsi makao yake yalivyotiwa moto. Kisha likatokea jambo baya kuliko yote. Ndugu wa kike wa Tabaro alikufa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa kwa wakuu wa serikali ya kikoloni huko Toro, akatiwa gerezani katika minyororo kwa tuhuma ya kuua.

Askari polisi wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi chumba cha mahabusu kinavyokuwa kwa mtu asiye na hatia. Mwenye hatia ana la kufikiri. Anatunga maneno yake. Asiye na hatia hana la kufanya ila kuuliza kwa nini. Na Apolo alikuwa na la kuuliza zaidi: kama alikuwa ametumwa na Mungu, mbona safari yake imeishia hapa, na waumini wachache wa Mboga wametawanyika, na jina lake limekuwa jina la muuaji?

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika kifungo hicho alimwona Kristo aking'aa mfano wa jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye.

Msomaji na ayapime maneno hayo. Ni mafupi, na hayana habari yoyote. Hayakumwambia kama kesi itaamuliwa vizuri, wala lini. Tena si mageni. Ndiyo ambayo, kwa mujibu wa Mathayo sura ya 14, Yesu aliwaambia wanafunzi waliokuwa wakihangaika na mawimbi usiku. Ndiyo aliyomwambia mwenye kupooza katika sura ya 9. Na yanafanana kabisa na yale aliyoambiwa Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 23, naye pia akiwa mfungwa, tena ndani ya ngome ya askari.

Kisa cha Paulo kinastahili kutazamwa kidogo, kwa maana ni kisa cha kambini tangu mwanzo hadi mwisho. Ghasia zilizuka hekaluni Yerusalemu, na askari wa Kirumi wakaingia kati. Msukumo wa umati ulikuwa mkubwa hata ikawabidi wambebe Paulo juu ngazini. Siku ya pili baraza lenyewe likavurugana. Usiku uliofuata Bwana alisimama karibu naye, akamtaka awe na moyo mkuu, kwa sababu kama alivyoshuhudia Yerusalemu, imempasa kushuhudia na Rumi. Kulipokucha, watu zaidi ya 40 walikula kiapo cha kutokula wala kunywa mpaka wamwue. Yaani neno la faraja lilifuatwa na hatari kubwa kuliko ya jana! Kilichomwokoa Paulo asubuhi hiyo ni mtoto wa dada yake, aliyesikia njama na kuja kuiambia ngome. Mkuu wa kikosi, Klaudio Lisia, alimshika kijana huyo mkono, akaenda naye kando, akamsikiliza. Usiku ule alitoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kumsindikiza mfungwa mmoja. Paulo alifika Kaisaria salama, akakaa kifungoni miaka 2 zaidi. Rumi aliifikia, lakini kwa minyororo, na baada ya kuvunjikiwa na merikebu.

Basi Apolo aliposikia gerezani neno la kujipa moyo, alilisikia kwa lugha aliyokwisha kuijua. Maono ni mambo ya watu wachache, na hakuna sababu ya Mkristo wa kawaida kuyangojea wala kuyaonea wivu. Lakini hata mwenye maono husemeshwa kwa maneno aliyokwisha kuyaweka akiba. Mtu ambaye hajapata kusoma habari za wanafunzi katika dhoruba angelitambuaje neno la yule aliyetembea juu ya maji? Ukaribu wa Apolo na Mungu wake haukuanzia katika minyororo. Ulianzia katika jioni nyingi za kawaida, mtu akifuata herufi kwa kidole, bila kuona lolote la ajabu.

Baadaye aliachiliwa. Mtu mwenye akili ya kawaida angeomba kupangiwa kazi mahali pengine. Apolo alirudi Mboga. Alirudi kwa Tabaro yule yule, na katika miaka iliyofuata Tabaro mwenyewe akabatizwa. Ni vigumu kujua ni kipi kilichomgusa zaidi mtawala huyo, mahubiri au kule kurudi. Huenda hata yeye asingeweza kueleza.

Hapa ndipo panapotofautisha moyo wa Maandiko na ule unaopatikana katika chupa ya pombe au katika majigambo ya kantini. Ule wa chupa humwondoa mtu pale alipo kwa muda wa saa mbili, kisha humrudisha akiwa dhaifu kuliko mwanzo. Paulo hakuondolewa ngomeni, Daudi hakuondolewa Siklagi, Apolo hakupewa mji mwingine. Kila mmoja aliambiwa kwamba hayuko peke yake, kisha akarudishwa kwenye lindo lake.

Na yule ambaye hakusikia kitu? Yupo mjane kambini ambaye alisoma kila usiku, akaomba kila usiku, na bado gari lilikuja asubuhi likiwa na maofisa wawili waliovua kofia. Kumwambia mama huyo kwamba hakuomba vya kutosha ni ukatili, na wanaosema hivyo msibani wangefanya vema kukaa kimya na kuteka maji. Kwa ajili yake imo Zaburi ya 88. Ni zaburi isiyosomwa mara nyingi makanisani, kwa kuwa tofauti na nyingine za huzuni haigeuki kuwa shangwe mwishoni. Mwombaji analia mchana na usiku, anamwuliza Mungu kwa nini amemficha uso wake, na neno la mwisho linataja giza. Waliokusanya zaburi hawakuitupa. Maana yake ni kwamba hata anayemlaumu Mungu kwa kuwa mbali amepewa maneno ya kumwambia, na anayemwambia mtu jambo bado anazungumza naye. Mjane asilazimishwe kuruka kutoka hapo hadi kwenye zaburi za kupiga vigelegele. Akae hapo muda unaomtosha.

Katika nyumba nyingine kuna desturi njema ambayo haigharimu chochote. Kabla ya baba kuondoka, yeye na mama huchagua kitabu kimoja, tuseme Injili ya Marko yenye sura 16, wakakubaliana kusoma sura moja kila siku, kila mmoja mahali pake. Simu ikikosa mtandao, sura haikosi. Mama husoma kwa sauti baada ya chakula, na watoto wakiuliza baba yuko wapi, huambiwa yuko sura ya 4, penye dhoruba. Anaporudi hupata la kuzungumza naye zaidi ya madeni ya duka. Sura moja yatosha. Wapo waanzao kwa sura kumi siku ya Jumatatu, na Alhamisi Biblia imekwisha kuwa kizito cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Kitabu chenyewe nacho kitunzwe. Biblia nzima ya Kiganda ilipochapwa mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akiwa na Henry Wright Duta na Waganda wengine, toleo moja lilifanywa fupi na nene ili lienee ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasiifikie. Kwa familia inayohamishwa kila baada ya miaka michache, mkebe si wazo baya hata leo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumikia Toro kwa miaka mingi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akarudi tena Mboga, mahali palipokuwa pamempiga, akakaa huko mpaka mwisho. Hakuoa. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, lakini heshima hiyo haikumvuta kurudi Buganda. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kuingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau, na Injili ya Marko ikaanza kutiwa katika lugha yao, ili nao wawe wasomaji.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Nchi hiyo haijaacha kuonja taabu. Mwaka 2021 wakazi wake walishambuliwa na watu wenye silaha, wengi wakauawa na wengine wakakimbia. Kanisa la Kianglikana nchini Kongo huihesabu Mboga kuwa ndipo lilipoanzia. Desturi ya wakati wa Apolo ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza vingine, na watu wakamtii: walimzika kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako alikuwa hajamaliza kazi.